Wageni Walioshukia Gendabi

Wahenga waliposema "Mgeni njoo, mwenyeji apone," hawakusema mwenyeji ashibe, wala mwenyeji atajirike. Walichagua neno kupona, na mtu hupona kile kilichokuwa kikimwuma. Wengi wetu huikumbuka methali hii kuku anapochinjwa kwa ajili ya mgeni na watoto wa nyumba wakapata kulamba vidole. Hiyo ni maana yake mojawapo. Iko maana nyingine iliyo pana zaidi, nayo waliionja watu wa Katesh na majirani zao wa Gendabi, mwaka ule Herman na mkewe Marieta walipokaribia kuuza nyumba yao ya kulala wageni.

Nyumba yenyewe ilikuwa mjini Katesh, nyuma ya soko, mahali ambapo Mlima Hanang huonekana wote mawingu yanapouachia. Watu waliiita Gesti ya Mama Feli, kwa jina la Felician, kijana wa kwanza wa Marieta. Mama huyo aliijenga kwa jasho la kuuza chakula stendi, chumba kimoja baada ya kingine, kama ndege ajengaye kiota kwa unyasi mmoja mmoja. Shuka zake zilinukia jua, na chai yake ya maziwa ilikuwa na sifa hadi Singida.

Kwa miaka kadhaa gesti ile ilikuwa na baraka. Wapanda mlima walipolala kwa Marieta, mji mzima ulijua. Hilda, muuza mboga, aliagizwa kabichi na karoti. Muuza nyama aliongeza mbuzi. Vijana wa bodaboda waliwapeleka wageni hadi inapoanzia njia ya mlimani, na fundi viatu alishona soli zilizoachia kwenye mawe. Mgeni alikuwa kama mvua za kwanza, ambazo hazichagui shamba la kunyeshea. Felician naye alisomea kazi ya kuongoza wageni, akapata kibali, akawa anaupanda mlima ule kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwao.

Halafu likashuka tope. Mvua kubwa ziliporomosha udongo wa mlima, nyumba zikazolewa, watu wakapoteza wapendwa wao, na jina la Katesh likasikika redioni pamoja na vilio. Mji ulizika wafu wake, ukasafisha barabara zake, ukasimama tena. Ila wageni wa Marieta hawakurudi. Waliopigiwa simu walisema wanauogopa mlima. Vyumba vikakaa vimefungwa hadi kufuli zikaanza kushika kutu. Hilda alirudi nyumbani jioni na kabichi zilizonyauka, na vijana wa bodaboda walishinda wamelala juu ya pikipiki zao wakitazama barabara.

Herman hakuwahi kuipenda biashara ile. Yeye alikuwa mkulima wa Gendabi, mtu wa mahindi, alizeti na ng'ombe wachache, na mjini alikuja siku ya soko tu. Tajiri mmoja wa Babati alipoonyesha nia ya kuinunua gesti aifanye ghala la mbolea na mbegu, Herman alimfuata mkewe jikoni.

"Mama Feli, tuiuze," alisema. "Mahindi yakikosa mvua, walau nitaitazama mbingu. Wageni wakikosekana, nimtazame nani?"

"Baba Feli, mgonjwa hazikwi kwa sababu amelala kitandani," Marieta alijibu. "Nipe hadi mwisho wa msimu huu wa kiangazi. Kama hakuna atakayekuja, nitatia sahihi mwenyewe."

"Mgeni ni mzigo, Mama Feli. Leo unamngoja asiyekujua."

"Wewe nipe msimu huo tu."

Herman alikubali shingo upande. Moyoni Marieta alijua kwamba alikuwa ameomba muda bila kuwa na tumaini lolote mkononi.

Haikupita miezi miwili simu yake ikaita. Mwanamke aitwaye Benedikta, mwalimu wa sekondari jijini Dodoma, aliuliza kama gesti bado ipo. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha watu tisa wapendao kupanda milima. "Tumesikia kwamba watu hawaji tena huko kwenu," alisema kwa sauti ya ukali kidogo. "Sisi tunakuja Ijumaa. Mna maji ya moto?"

"Yapo, mwalimu. Karibuni sana," alisema Marieta, na alipokata simu alikwenda moja kwa moja kutafuta funguo za vyumba.

Ijumaa ile Katesh ilichangamka kama nyumba yenye harusi. Kufuli zilitiwa mafuta, magodoro yakaanikwa. Hilda alileta mboga mwenyewe, kikapu kichwani, akakataa kuondoka hadi awaone wageni kwa macho yake. Jioni ile harufu ya nyama ya kukaanga ilitoka tena katika ua wa Mama Feli, na wapita njia walisimama kidogo, wakavuta pumzi, wakaendelea na safari wakitabasamu.

Alfajiri ya Jumamosi Felician aliwachukua wageni wake wakaanza kupanda. Hali ya hewa ilikuwa shwari. Walifika kileleni wakiwa na furaha, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Wageni walitaka kupiga picha hapa na pale, na Felician, kwa kuogopa kuwaudhi watu waliosubiriwa na mji mzima, hakuwakataza. Walipoanza kushuka jua lilikuwa limekwisha kupinduka, na ukungu ukaja kutoka bondeni mzito kama maziwa ya mgando. Mtu hakuweza kuuona mgongo wa aliye mbele yake. Mvua isiyo ya msimu ikaanza kunyesha. Felician alitafuta mawe aliyoyazoea asiyaone, na alipogundua kwamba wameshika mgongo mwingine wa mlima, kurudi juu kulikuwa hatari kuliko kuendelea chini. Simu hazikushika mtandao.

Wakashuka hivyo hivyo, wakishikana mikono. Mmoja wao, dada mwembamba aitwaye Evaline, alianza kutetemeka, halafu akaacha kutetemeka, na maneno yake yakawa mazito kama ya mlevi. Felician alijua dalili hiyo. Alikuwa amefundishwa kwamba baridi ikifika hapo, mtu hahitaji maneno ya kutiwa moyo, anahitaji moto.

Giza lilipokuwa linakaribia kuingia, akasikia kengele za ng'ombe. Ukungu uliachia kidogo, na chini yao likaonekana boma lenye uzio wa miiba na moshi ukitoka katika mapaa. Felician akasimama ghafla.

"Mbona umesimama?" aliuliza Benedikta.

"Mwalimu, hapa ni Gendabi. Lile ni boma la Mzee Gidagurja. Yeye na baba yangu hawasalimiani."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa njia na ng'ombe. Kati ya shamba la Herman na malisho ya Mzee Gidagurja palikuwa na njia ya zamani ambayo mifugo ilipita kwenda kunywa maji. Mwaka mmoja Herman aliilima, akisema ardhi haiwezi kulala bure. Ng'ombe, ambao hawakuambiwa, waliendelea kupita mle mle, na mahindi yakaliwa. Kesi ikafika serikali ya kijiji. Mzee Gidagurja akatozwa faini, akalipa kwa dume lake zuri, na tangu siku hiyo Herman akikutana naye alitazama upande wa pili kama mtu anayepita kisiki.

"Wewe una ugomvi naye?" aliuliza Benedikta.

"Mimi sina."

"Basi twende. Huyu dada atatufia mikononi."

Felician akalisogelea boma. Mbwa walibweka. Mzee mrefu alitoka na fimbo yake, blanketi begani, akasimama kwenye lango la miiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee alimtazama kwa makini. "Wewe si mtoto wa Herman?"

"Ndimi, mzee. Nina wageni. Tumepotea, na mmoja hali yake ni mbaya."

Mzee Gidagurja alimwangalia yeye, akawaangalia wale watu waliolowa nyuma yake, kisha akavuta kando mti wa miiba uliofunga lango.

"Ng'ombe ndio huulizwa ni wa nani," alisema. "Mtu mwenye baridi haulizwi. Ingieni."

Mke wa mzee, aliyeitwa Mama Monica kwa jina la binti yake, hakuuliza hata kijana ni mtoto wa nani. Alimvua Evaline nguo zilizolowa, akamfunga ngozi ya kondoo na mablanketi, akamkalisha karibu na moto na kumnywesha maziwa ya moto taratibu, kama anayemlisha mtoto. Wengine walipewa chai na ugali. Waliobaki bila blanketi walilazwa upande wa ndama, ambako palikuwa na joto. Kabla watu hawajamaliza kula, Evaline alifungua macho akauliza viatu vyake viko wapi, na Benedikta, yule mwalimu mkali, akageukia ukuta akalia.

Usiku ule ukungu haukumruhusu mtu kutoka bomani, wala simu hazikushika, hivyo huko Katesh hakuna aliyejua habari hizo. Vijana na walinzi wa msitu walikuwa wamepanda kwa njia ya mjini wakarudi, kwa kuwa ukungu haukuwaruhusu kuona hata viganja vyao. Ua wa gesti ulijaa watu. Hilda alikuwepo, muuza nyama alikuwepo, vijana wa bodaboda walikuwepo. Waliwaombea wageni na kijana wao kwanza. Nyuma ya hofu hiyo ilikuwepo nyingine ambayo hakuna aliyethubutu kuisema: kwamba mlima ukichukua watu hawa, hapatakuwa na mtu mwingine wa kuja kulala Katesh hadi wajukuu wao wazeeke.

Marieta alimpigia simu mumewe aliyekuwa shambani Gendabi. "Baba Feli, watoto hawajashuka," alisema. Herman, ambaye siku zote alikuwa na neno la kusema juu ya wageni, alitoka nje akautafuta mlima gizani kwa macho.

Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kuvaa buti. Alichukua panga la kufyekea njia, akafungua lango lake aende mlimani. Nje ya lango alisimama Mzee Gidagurja, blanketi limelowa umande, fimbo mkononi.

Damu ilimpanda Herman. "Mzee, leo si siku ya mambo ya ng'ombe. Niache nipite."

"Sikuja kwa mambo ya ng'ombe," mzee alijibu. "Mwanao yuko kwangu. Na wageni wake. Wote wazima."

Herman alishika nguzo ya lango. Panga lilianguka chini naye hakulisikia. Alifungua kinywa atoe shukrani, lakini kilichotoka ni kile alichokuwa anadaiwa kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Gidagurja, kama mtu aliyesalimiwa jana na juzi.

Wakaongozana. Mzee alikata kona, akaanza kulizunguka shamba la mahindi kwa mbali.

"Mbona tunazunguka?" aliuliza Herman. "Kwako si pale?"

"Njia imekuwa ndefu siku hizi," mzee alijibu bila kugeuka. "Uliilima."

Herman alisimama. Mahindi yalikuwa yamekauka, yakingoja kuvunwa, mistari yake imenyooka vizuri mahali ilipokuwa njia. Alifikiria jinsi mzee yule alivyotembea mzunguko huo wote katika umande ili amletee habari ya mtoto wake. Kisha akaingia katikati ya shamba lake mwenyewe, akasukuma mabua kwa mikono na kuyakanyaga kwa buti.

"Tupite hapa, mzee," alisema. "Hapa ndipo njia ilipo."

Walipofika bomani waliwakuta wageni wameketi juani, kila mmoja na kikombe chake. Evaline alikuwa akicheka kwa sababu ndama alikuwa akitafuna kamba ya kiatu chake. Felician alipomwona baba yake alisimama na kuinamisha kichwa.

"Baba, nilikosea. Niliwachelewesha kileleni."

Herman hakuwa mtu wa kukumbatia watu. Alimshika kijana wake mabega, akayatikisa kama anayepima kama mti umeshika mizizi, akashindwa kuyaachia.

Baadaye alipanda kichuguu ambapo mtandao hupatikana, akampigia mkewe. Marieta alisikia neno "wazima" tu. Yaliyobaki hakuyasikia, kwa kuwa alikuwa ameketi kwenye sakafu ya jikoni akilia na kucheka kwa pamoja, na watu wa uani wakaanza kupiga vigelegele kabla hata hawajaambiwa. Hilda ndiye aliyekumbuka kubandika maji ya chai.

Mchana wageni waliporudi mjini kwa gari la kukodi, Marieta alimchukua Benedikta pembeni. "Mwalimu, nisamehe. Najua mtakwenda kusema mlipotea kwetu."

"Tutasema," Benedikta alijibu, na uso wake haukuwa na mzaha. "Tutasema mwongozaji alikuwa mmoja kwa watu tisa, na hiyo haifai. Apate mwenzake, na saa ya kushuka ikifika asituonee haya. Lakini mama, tukisema tulipotea, watu watatuuliza mlilala wapi. Nalo hilo tutalisema."

Kweli walilisema. Picha ya Evaline amejifunga ngozi ya kondoo, kikombe cha maziwa mkononi na mlima nyuma yake, ilizunguka katika simu za watu hadi Arusha. Kabla kiangazi hakijaisha kikundi kingine kiliomba vyumba, kisha kingine, na wote waliuliza swali moja: tunaweza kushukia Gendabi, kwa yule mzee? Felician alitafuta waongozaji wenzake, akiwemo Monica, binti wa Mzee Gidagurja, aliyeujua upande ule wa mlima kuliko yeye. Wageni walishuka wakipita katika njia ya ng'ombe, ambayo Herman aliiacha wazi baada ya kuvuna na hakuilima tena. Bomani Mama Monica aliwauzia maziwa, asali na bangili za shaba. Ng'ombe nao walipita mle mle kwenda majini, na hakuna aliyepelekwa kijijini kwa kesi.

Tajiri wa Babati alipopiga simu kuulizia mauzo, Herman ndiye aliyepokea. "Nyumba haiuzwi, bwana," alisema. "Ina watu." Kisha akamkabidhi Marieta simu yake, akaenda kutengeneza bawaba ya chumba cha mwisho, huku akinung'unika kwamba wageni hawajui kufunga milango.

Hata hivyo si kila jeraha lilipona kwa siku moja. Zilikuwapo wiki ambazo mvua ilifunga mlima na vyumba vikakaa vitupu. Lakini hofu ile ya zamani haikurudi. Muuza nyama alirudia kuchinja siku zote za soko, fundi viatu akachukua mwanafunzi, na Hilda, badala ya kurudi na kabichi, alianza kulalamika kwamba kabichi hazimtoshi. Watu walijifunza kwamba mlima hauwezi kumlisha mtu kwa kutazamwa tu. Humlisha pale anapofika mtu wa mbali akakuta mlango umefunguliwa.

Jioni moja Marieta alikuwa akikunja shuka uani. Mzee Gidagurja, aliyeleta maziwa, alikuwa ameketi kwenye benchi akinywa chai pamoja na Herman. Walikuwa wanaongea habari za malisho, pole pole, kama watu wasio na deni.

"Mama Feli," aliita Herman. "Kesho wanakuja wangapi?"

"Unauliza ya nini?"

"Nijue nilete kuku wangapi."

Marieta alificha uso wake katika shuka ili mumewe asione anavyocheka. Yule aliyesema mgeni ni mzigo sasa alikuwa akiwangoja wageni kuliko mwenye gesti. Nyumba ilikuwa imepona, mji ulikuwa umepona, na majirani wawili waliopitana kama visiki walikuwa wakinywa chai ya birika moja. Hapo hapana wa kubisha tena: mgeni njoo, mwenyeji apone.